Kiingereza Changu Kilianzia Kinyozi

Kabla mnicheke, acha nitoe matokeo mwenyewe. KCSE ya 2019, Kiingereza, D plus. D yenye kamsalaba kadogo pembeni, kama kaburi. Na bado kila wiki kuna mtu ananiuliza, "Bro, hicho Kiingereza cha kwa video zako ulisomea wapi?" Wanadhani kuna academy fulani huko Elgon View mathe aliuza shamba akanipeleka. Hakuna. Nilisomea hapa hapa Langas, kwa kinyozi, na mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mdoli wa mpira.

XYZ Show ilianza 2009, Citizen TV. Aliyeileta ni Gado, mchoraji wa vibonzo, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyechora miaka mingi kwa gazeti la Nation. Wazo alilitoa Ufaransa, kwa kipindi cha wadoli kinaitwa Les Guignols de l'info, akaja akatutengenezea wa kwetu: vichwa vikubwa vya mpira, macho yanazunguka, midomo inafunguka na kufungika, na sauti za kuigiza viongozi mpaka unaangalia mara mbili. Nilikuwa na miaka minane. Kwetu hakukuwa na TV. TV ilikuwa kwa kinyozi upande wa Kisumu Ndogo, imefungiwa ndani ya waya kama kuku. Kunyolewa ulilipa, kutazama ilikuwa bure mradi usikalie kiti cha wateja.

Sasa fikiria hiyo benchi. Mwenye duka Mkikuyu, mnyoaji Mluhya wa Kakamega, wateja Wajaluo, Wakisii, Wakalenjin, Waturuki hatukuwa nao lakini Waturkana walikuwepo. Na ulikuwa kama mwaka mmoja na kitu tangu ile fujo ya baada ya uchaguzi wa 2007. Walioishi Eldoret wakati huo wanajua, sina haja ya kueleza. Watu wazima walikuwa wanasalimiana kwa adabu nyingi sana, ile adabu ya watu ambao wanakumbuka. Halafu mdoli wa Kibaki anatokea. Halafu mdoli wa Raila. Niliona kitu ambacho nilikielewa baadaye: kila mtu alikuwa anasubiri mdoli wa mtu wake achekwe, ndio aangalie nani anacheka sana. Dakika tano baadaye wote wanacheka, wa huyu na wa yule, na mnyoaji ameacha kichwa cha mtu nusu kwa sababu mkono unatetemeka.

Mimi nilikuwa nacheka nyuma ya watu kwa sekunde mbili. Sikuelewa chochote. Nilikuwa naangalia wakubwa, wakifungua mdomo na mimi nafungua. Lakini kuna aibu fulani ya kucheka kitu usichokijua, na hiyo aibu ndiyo ilianza kunifunza. Nikaanza kumuuliza mnyoaji, "Wamesema aje?"

Neno la kwanza ninalokumbuka vizuri ni "step aside". Hiyo ni 2010, wakati wa zile kashfa, na kila jioni kwa habari kuna mkubwa anaambiwa a-step aside na anakataa. Shuleni tulikuwa na orodha ya hayo maneno ya vipande viwili: step up, step down, step in, step out, tukaimba kama nyimbo za Sunday school bila kujua yanaenda wapi. Mnyoaji alinieleza hivi. Akasimama na mashine mkononi, akatoa mguu mmoja pembeni ya kiti, akangoja kidogo, akarudi akaendelea kunyoa. "Hiyo ni step aside," akasema. "Step down ni nikupatie hii mashine nipande gari niende kwetu Kakamega."

Buda. Niambie ni kitabu gani kinaweza kufunza hivyo. Mpaka leo sijawahi kuchanganya hayo mawili.

Shuleni kwetu, ambako sitataja, Kiingereza kilikuwa na disk. Kama umesomea Kenya unaijua: ukipatikana ukiongea Kiswahili ama lugha ya nyumbani, unavalishwa kipande cha mbao, unatembea nacho mpaka umpate mwingine aliyekosea umpitishie. Jioni wote waliokivaa wanaitwa mbele. Matokeo yake ni kwamba tulijifunza Kiingereza cha kukwepa. Unaongea maneno kumi yale yale unayojua hayana hatari. Ukitaka kusema kitu kigumu unanyamaza. Mimi nilimaliza darasa la nane nikiwa bingwa wa kunyamaza kwa Kiingereza.

Kwa kinyozi hakukuwa na disk. Halafu wadoli wenyewe walikuwa wanachanganya, sentensi inaanza kwa Kiingereza inaishia Sheng. Na viongozi waliokuwa wanaigizwa walikuwa wanakosea! Hiyo ilikuwa habari kubwa kwangu: kwamba mtu mwenye bendera kwa gari anaweza kukosea Kiingereza na nchi ikaendelea. Kumbe hata kabla yetu wakubwa wetu walishajua huu mchezo. Wale vijana watatu wa Redykyulass, KJ, Nyambane na Tony, waliomuigiza Moi akiwa bado Ikulu, hebu soma jina la kundi lao kwa sauti. Ni Kiingereza kimeandikwa vile sisi tunakitamka. Jina lenyewe lilikuwa limeshakataa disk. (KJ baadaye akawa mbunge, Dagoretti South, 2017. Sasa anaigizwa yeye. Kenya ni tamu.)

Nikiwa sekondari mambo yalihamia kwa simu. Cuzo yangu alikuwa na simu ya skrini iliyopasuka, na likizo ilikuwa ni kungoja alale ndio niingie YouTube nitafute Bull's Eye, ile ya NTV ya Emmanuel Juma. Kama hukuiona: alikuwa anachukua vipande vya wanasiasa wakiongea wiki nzima, anavishona, na katikati anaweka sauti yake kwa Kiingereza kile cha polepole, cha mtu ambaye hana hasira lakini amekuona. Hiyo polepole ndiyo ilinisaidia. Nilikuwa na counter book. Upande wa kushoto neno, upande wa kulia nani alilisema na alikuwa anatoroka nini. Hapo ndipo tofauti ilikuwa. Kamusi ingenipa maana. Bull's Eye ilikuwa inanipa maana pamoja na mtu, suti yake, na ahadi yake ya mwaka uliopita.

Kwa hiyo nikajua "allegedly" ni neno la kujikinga. Unalitanguliza ukitaka kusema ukweli bila kupelekwa kortini. Nikalileta nyumbani: "Mathe, allegedly nimekula chapati mbili." Hakuelewa lakini alihesabu chapati.

Nikajua "accept and move on", ile ya 2013 baada ya Supreme Court kuamua kesi ya kwanza ya urais. Ilianza kama siasa, ikaishia mapenzi. Nimeambiwa hilo neno na msichana mmoja nje ya duka la M-Pesa, kwa sauti ya jaji kabisa, na sikukata rufaa.

Na 1 Septemba 2017, wakati uchaguzi ulifutwa, "irregularities and illegalities" iliingia Langas kama wimbo. Nilimsikia muuza tikiti maji kwa stage akimwambia mteja aliyempa noti imeraruka kwamba hiyo pesa iko na irregularities. Sijui kama angepita KCSE. Lakini alilitumia sawasawa, na mteja akatoa noti nyingine.

Zingine zilinichukua muda. 2022 Supreme Court ilirudi na "hot air" na "wild goose chase", na mtandao mzima ukawa ni hayo tu. "Hot air" nilielewa haraka, upepo wa jiko. "Wild goose chase" ilinipa shida. Nilitafuta goose nikapata ni bata bukini, nikakaa siku mbili nikijiuliza bata aliingiaje kwa server. Ni skiti ya jamaa fulani TikTok, anakimbiza bata wa jirani kwa ploti na karatasi za ushahidi mkononi, ndiyo ilinionyesha. Anamkimbiza, bata anapita chini ya waya, jamaa anarudi na matope peke yake. Ahaa.

Lakini nisiwadanganye. Kujifunza lugha kwa watu wanaokejeli kuna shida, na ilinipata mahali pabaya.

Mwaka huo huo nilikuwa college nasomea mambo ya ununuzi na ugavi, natafuta mahali pa attachment. Nikaitwa intavyuu kampuni moja hapa mjini. Shati nimeazima, kiatu nimepaka mafuta ya kupikia. Watu watatu mbele yangu. Mambo yanaenda poa mpaka mama mmoja wa katikati ananiuliza, kwa Kiingereza, naelewa nini nikisikia "benchmarking".

Hilo neno nilikuwa nalijua sana! Nilikuwa nimelisikia kwa kila video ya MCAs tangu ugatuzi uanze. Nikajibu kwa ujasiri wote kwamba benchmarking ni wakati viongozi wanasafiri nje ya nchi kwa pesa ya umma, wanapiga picha, wanachukua per diem, halafu wanarudi.

Kimya. Halafu mzee wa kushoto akaanza kucheka mpaka akatoa miwani. Yule mama hakucheka. Akanieleza, polepole, kwamba ni kulinganisha kazi yako na ya wanaofanya vizuri ili ujue umefika wapi. Nikasema "Yes, that also."

Attachment sikupata. Nilitembea kutoka tao mpaka Langas kwa miguu nikiwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua nimpelekee nani. Nilikuwa nimejua neno kinyume. Nilijua vile linavyotumiwa vibaya kabla ya kujua linafaa kufanya nini. Ni kama kumjua mtu kupitia maadui zake peke yake. Mpaka leo kuna maneno ya Kiingereza siwezi kuyasema kwa uso wa kawaida. "Honourable." "Stakeholder." "Public participation." Nikisikia mtu ameyasema kwa nia safi, naangalia nyuma kama kuna kamera.

Kwa upande mwingine, yule mzee aliyecheka, nadhani alijua nilikuwa nimejibu swali.

Sasa nifike kwa mathe, kwa sababu hii post ni yake kusema ukweli.

Mathe hupika. Chapo, ndengu, chai ya maziwa, na pilau ya order ukilipa deposit. Machi 2024 alipata kazi kubwa kuliko zote: ofisi moja mjini, sitaitaja, ilikuwa na semina ya siku tatu, chai ya saa nne na lunch. Bei ilikuwa elfu sitini na mbili. Mathe alichukua mkopo wa chama akanunua nyama, mchele, akakodi sufuria kubwa na mama wawili wa kumsaidia. Semina iliisha, watu wakashiba, akasifiwa. Akaambiwa arudi wiki ijayo.

Mnakumbuka hiyo ilikuwa ni miezi ya Finance Bill. Ile ya asilimia 16 ya VAT kwa mkate, asilimia 2.5 kwa gari, na eco levy. Vijana walikuwa wanaitafsiri kila lugha, wanaichekea, wanaichora, na jina la Zakayo liko kila mahali. Nchi nzima ilikuwa darasa. Mathe mwenyewe aliniuliza akikanda unga, "Hii levy na tax si ni kitu kimoja?" nikamweleza vile nilikuwa nimeona kwa video, kwamba levy inakuja na jina la kazi yake, tax haina haja ya kujieleza. Akasema yote inatoka kwa mfuko mmoja. Juni 25 hapa Eldoret pia tulitoka. Siku iliyofuata rais akasema hataitia sahihi.

Na pesa ya mathe bado.

Kila akienda, kuna kijana wa mapokezi anamwambia neno moja. Mathe alikuwa analileta nyumbani limevunjika vunjika. Mara ya kwanza alisema wamemwambia "pendo". Mara ya pili akasema, "Wanasema yangu iko peding." Alikuwa anadhani ni jina la meza, kama Finance ama Registry, kwamba karatasi yake imefika kwa meza inaitwa Pending na sasa inaelekea kwa nyingine. Alikuwa na furaha hata, anaambia wamama wa chama, "Imeshafika Pending."

Mimi nilijua. Nilikuwa nimecheka "pending bills" miaka mingapi? Ni kichekesho cha kila kaunti, magavana wanaingia wanaikuta, wanatoka wanaiacha. Nilikuwa na skiti yangu mwenyewe ya 2023 ambapo Pending Bill ni babu mwenye ndevu analala ofisini na kila bosi mpya anapitishwa amsalimie. Views elfu nne, siku hizo kwangu ni nyingi. Na sasa babu alikuwa amekuja kulala kwetu.

Nilimwambia jioni moja. "Mathe, pending si meza. Inamaanisha wanajua wanakudai, I mean unawadai, na hawajapanga kulipa sai." Alinyamaza. Akafunika unga na kitambaa. Akaniuliza kitu ambacho sijasahau: "Na wewe ulikuwa unajua hili neno tangu lini?"

Tukaanza kwenda pamoja. Hapo ndipo nilikutana na ile nyingine: "We are looking into it." Mathe alikuwa amelisikia mara nyingi mpaka alikuwa anatikisa kichwa kabla limalizike. Kwa matatu ya kurudi nikamfafanulia. Look at ni kuangalia. Look for ni kutafuta. Look after ni kuchunga. Look into ni kuchunguza, kwa kitabu. Kwa ofisi ni kuangalia ndani ya faili mpaka mwenye faili aende nyumbani. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Machi. Konda akaangalia nyuma.

Januari 2025 tukaandika barua. Kiingereza changu, cha D plus, nimeketi kwa stuli, counter book ya zamani iko kando. Niliweka "outstanding" kwa maana yake ya deni, si ile ya wanafunzi bora. Niliweka tarehe ya semina, idadi ya sahani, namba ya LPO. Sikuweka kejeli hata moja na iliniuma kama kuzuia kupiga chafya. Mathe alitia sahihi.

Tukingoja jibu, nikapata wazo la video. Tuliishoot nyumbani. Meza ya plastiki, tai ya mjomba, faili tupu. Nilitaka mathe acheze mwenyewe na mimi niwe ofisa, yeye akakataa, akavaa tai. Sikumpatia script. Nilipouliza tu, "Madam, about my payment," aliinua faili, akaifungua, akaitazama ndani kwa muda mrefu, akageuza ukurasa ambao haukuwepo, na akasema, kwa Kiingereza ambacho mwalimu wangu angelia: "We are looking into it. Come Thursday." Ile pumzi kati ya sentensi mbili. Ile ya kutoniangalia. Alikuwa amefunzwa miezi kumi.

Ni kitu bora zaidi nimewahi kushoot. Na hamjaiona.

Kwa sababu usiku huo nikitaka kupost mathe alishika simu. Mnakumbuka hiyo Krismasi ilikuwa aje. Kibet Bull, yule wa michoro ya vivuli, alikuwa amechukuliwa Desemba 24 na kuachiliwa Januari 6. Kenya nzima ilijifunza neno "silhouette" kwa mpigo, na ikajua kwamba "arrested" na "abducted" si neno moja: la kwanza lina kituo, la pili halina. Nikamwambia mathe hii yetu ni chapo na pilau, hakuna mtu wa serikali kuu anatujua. Akasema, "Wewe unajua Kiingereza, mimi najua watu. Wakijiona hapo, hiyo pesa haitoki."

Tukabishana. Nilimwambia ameogopa. Sikufaa kusema hivyo, kwa mtu aliyebeba sufuria za kukodi siku tatu ndio mimi nile.

Februari waliingiza elfu arobaini. Sijui kama ni barua, ama ni bajeti, ama kuna mtu alichoka kutuona. Alilipa chama siku hiyo hiyo. Zimebaki elfu ishirini na mbili, na video iko kwa simu yangu, kwa folda nimeiita Pending. Nikimuuliza lini nitaipost, anageuza chapati, haniangalii, ananiambia nije Thursday.